Mto wa Kusikiliza: Kuchagua Kamra Tulivu kati ya Luxor na Aswan

Ipo mito ambayo msafiri huitazama tu akaridhika. Mto Nile, katika kipande chake cha kati ya Luxor na Aswan kusini mwa Misri, unataka na masikio. Ni mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 200 juu ya maji mapana yasiyo na mawimbi, mashamba ya miwa, migomba na mitende kila upande, na nyuma ya mashamba hayo, ghafla, jangwa. Alfajiri wavuvi hutoka wawili wawili ndani ya vimashua vyao. Mmoja anavuta makasia polepole. Mwenzake amesimama na mti mrefu mkononi, anayapiga maji kwa nguvu ili samaki washtuke wakimbilie wavuni. Kishindo hicho husafiri mbali, hugonga ukingo wa pili kikarudi. Msafiri aliyelala chumba kizuri hukisikia akiwa bado kitandani, na hapo hajahitaji kengele wala simu ya kumwamsha. Aliyelala juu ya injini hakisikii kamwe, hata kama chumba chake ndicho kikubwa kuliko vyote melini.

Ndiyo maana anayeniuliza kuhusu safari hii mimi humshauri aanze na jambo ambalo wengi huliacha mwisho: kamra atakayolala. Watu hulinganisha nyota za meli, ukubwa wa bwawa la kuogelea na orodha ya vyakula, kisha suala la chumba wakamwachia wakala. Baharini mtu huchagua kamra kwa kuogopa kichefuchefu, kwa sababu meli huyumba, na katikati ya meli huyumba kidogo kuliko miishoni. Nile haina hofu hiyo. Safari ya kutoka Luxor kwenda Aswan kwa kawaida huchukua usiku nne, ile ya kurudi usiku tatu, na katika siku zote hizo huenda usihisi wimbi hata moja. Linalobaki la kupima ni utulivu. Nami nasema bila kusita kwamba utulivu ndio anasa yenyewe ya mto huu. Marumaru, shuka laini na vyakula vya kifahari utavipata katika hoteli yoyote kubwa ya Cairo. Alfajiri ya Nile huipati huko.

Tuanze na Luxor, mahali ambapo safari nyingi huanzia. Mji wenyewe unatosha kumweka mgeni wiki nzima. Ukingo wa mashariki yako mahekalu ya Karnak na Luxor. Ng’ambo, ukingo wa magharibi, liko Bonde la Wafalme, ambako kaburi la Tutankhamun liligunduliwa mwaka 1922. Lakini meli za watalii zinazofanya kazi katika kipande hiki cha mto ni nyingi mno, wala hakuna nafasi ya kila moja kujifunga ukingoni peke yake. Hufungwa ubavu kwa ubavu, tatu, nne, hata tano. Abiria wa meli ya nje kabisa hupita katika kumbi za mapokezi za meli zote zilizomtangulia ndipo akanyage nchi kavu. Si jambo baya, na wapo wanaolifurahia. Ila fikiria umelipia chumba chenye kioo kikubwa cha kutazamia mto, unafungua pazia, na mbele yako, karibu kiasi cha kuligusa, ni pazia la chumba cha meli ya jirani. Kati yenu jenereta zinanguruma usiku kucha, kwa kuwa viyoyozi na majokofu haviwezi kuzimwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mwenye meli halihusu chumba. Linahusu gati. Meli italala wapi Luxor, Edfu na Aswan, na ikilala italala peke yake au ubavuni mwa nyingine? Baadhi ya meli ndogo za kifahari zina gati zake binafsi, pembeni ya msongamano. Abiria wake wanalipa zaidi, na sehemu kubwa ya hicho wanacholipia ni dirisha ambalo halizibwi.

Swali la pili ndilo la mahali chumba kilipo ndani ya meli. Meli ya kawaida ya Nile ina sitaha nne au tano. Injini na rafadha ziko chini, upande wa tezi, yaani nyuma. Ngurumo ya injini haipiti hewani peke yake. Hupanda kwenye chuma, ikapenya sakafuni, na kumfikia mtu kitandani kama mtetemo wa chini usiokatika, ule unaofanya glasi ya maji mezani ichezecheze. Basi vyumba vya chini upande wa tezi ndivyo vya kukwepa kwanza, hasa kwa mtu ambaye usingizi wake ni mwepesi. Vyumba vya omo, yaani mbele, navyo vina yake: mabaharia hufungua kamba saa tisa au saa kumi za usiku ili meli iwahi kufika kituo kinachofuata, nao hufanya kazi hiyo kwa kupaza sauti. Sitaha ya juu inasifiwa kwa mandhari, na mandhari yake kweli ni mazuri. Lakini juu ya dari lake ndipo palipo bwawa na viti vya kuotea jua, na viti hivyo huburutwa tangu asubuhi. Kuna pia ukumbi wa muziki, ambako usiku mmoja huwa wa ngoma na mavazi ya Kimisri. Uliza ukumbi huo unapakana na vyumba gani.

Ukiyaweka yote hayo pamoja unapata kanuni nyepesi: chukua chumba cha katikati ya meli, kwenye sitaha iliyo na vyumba vingine juu yake na chini yake, mbali na ngazi na mbali na jiko. Yaani chumba kilichozungukwa na usingizi wa watu wengine. Omba ramani ya sitaha, utie kidole kwenye namba ya chumba, na udai namba hiyo iandikwe kwenye stakabadhi. Ahadi ya “chumba kizuri cha sitaha ya kati” haitoshi.

Kisha uchague upande. Meli ikielekea kusini, ukingo wa magharibi uko mkono wako wa kulia. Huko ndiko jua linakozama nyuma ya vilima vya jangwa, na chumba cha upande huo hupata machweo ya kila siku pamoja na joto la alasiri. Upande wa kushoto, mashariki, unapata mapambazuko. Unapata pia treni, kwa sababu kati ya Luxor na Aswan reli inafuata ukingo wa mashariki. Mimi huchagua magharibi, nikavumilia joto.

Lakini anayetaka kuusikia mto huu kikamilifu, na mwenye uwezo wa kulipa, aende mbali zaidi: aiache meli ya injini apande dahabiya. Hiki ni chombo kirefu cha matanga, chenye vyumba vichache tu, aghalabu kati ya sita na kumi na viwili. Kabla ya meli za mvuke kuenea, hicho ndicho kilichokuwa chombo cha wasafiri wenye nafasi. Mwandishi Mwingereza Amelia Edwards alisafiri kwa dahabiya iliyoitwa Philae katika msimu wa mwaka 1873 na 1874, na kitabu alichokitoa mwaka 1877 kuhusu safari hiyo kiliwavuta wengi Misri. Yeye na mwenzake walianza kwa kazi ileile ninayoieleza hapa: walizunguka Bulaq, bandari ya Cairo ya wakati huo, wakikagua chombo kimoja baada ya kingine, wakipanda na kushuka, wakipima vyumba, mpaka wakaridhika. Hakuona aibu kuchagua sana, na msafiri wa leo asione aibu.

Msomaji wa Lamu, Pemba au Tanga akiiona dahabiya atajua anatazama nini. Tanga lake ni la pembe tatu, limening’inia kwenye foromali ndefu inayopanda mshazari juu ya mlingoti, jamaa moja na matanga ya majahazi yetu. Upepo wa Nile umeumbwa kwa ajili yake. Mto unateremka kwenda kaskazini na upepo kwa sehemu kubwa ya mwaka unavuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Anayepanda mto hutweka tanga, anayeshuka huuachia mkondo kazi. Kwa maelfu ya miaka Wamisri wameishi kwa mpango huo. Siku upepo ukigoma, dahabiya huvutwa na boti ndogo yenye injini, iliyo mbele kwa umbali wa kamba ndefu, na kelele zake hubaki hukohuko.

Hapo kanuni ya vyumba inageuka kabisa. Katika meli ya injini tezi ndiko kubaya. Katika dahabiya tezi ndiko kuzuri. Mlingoti mkubwa uko omo, na huko huko mabaharia hushughulika na tanga na kamba, na boti ya kuvuta iko upande huo. Nyuma hakuna injini. Chumba cha tezi kina mto pande mbili au tatu, na usiku unasikia maji yakipita chini ya sakafu. La kuangalia ni moja: meza ya chakula huwekwa juu, kwenye sitaha iliyo wazi, hivyo uliza iko juu ya chumba gani. Uliza pia jenereta huzimwa saa ngapi, na ikizimwa, kiyoyozi kitaendeshwa na nini. Jibu la kusitasita ni jibu.

Dahabiya nyingi huanzia Esna, kama kilomita 55 kusini mwa Luxor, ili kuepuka foleni ya kupita kwenye lango la maji la bwawa la hapo. Abiria wake hukosa jambo moja ambalo sitaki kulinyima sifa. Meli kubwa zikisubiri zamu ya kuingia langoni, vimashua vya wachuuzi huzizunguka. Mchuuzi husimama wima ndani ya kimashua kinachochezacheza, anakunja kanzu au kitambaa cha meza, anakitia ndani ya mfuko wa plastiki, anaufunga fundo, kisha anaurusha juu, sitaha tatu au nne, na unatua miguuni pa mteja aliyemlenga. Mteja anafungua, anatandaza, anataja bei; chini inapaa sauti ya masikitiko; wanashindana, wanacheka, wanakubaliana, na fedha hurudi chini ndani ya mfuko uleule. Sijaona soko jingine linalohitaji mkono uliozoea hivyo. Kelele hii ni ya mto wenyewe, ya watu wanaoutegemea kwa riziki, na haimchoshi mtu. Inayochosha ni ile ya mashine isiyokoma.

Kutoka Esna mto unapanda hadi Edfu, penye hekalu la Horus lililoanza kujengwa mwaka 237 kabla ya Kristo na kumalizika mwaka 57 kabla ya Kristo. Ni miongoni mwa mahekalu ya kale yaliyohifadhika vizuri kuliko yote Misri, na mnara wake wa mlangoni una urefu wa mita 36. Meli nyingi hufika hapo kwa saa zinazokaribiana, hivyo magari ya farasi na umati hufika pamoja. Anayesafiri kwa chombo kidogo hupanga saa yake mwenyewe, akaingia uani penye sanamu ya mwewe ya jiwe jeusi akiwa karibu peke yake.

Baada ya Edfu kuna mahali ambapo meli kubwa hupita bila kusimama, nami ningefanya safari yote kwa ajili yake. Ni Gebel el-Silsila. Mto unabanwa na majabali ya mawe ya mchanga pande zote mbili, na majabali hayo ndiyo machimbo yaliyotoa mawe ya mahekalu mengi ya Misri ya kusini, ya Karnak yakiwemo. Mawe yalikatwa, yakashushwa mtoni, yakapelekwa na maji. Ukisogea karibu na ukuta wa machimbo unaona alama za patasi, mistari ya mshazari iliyopangana, safu chini ya safu, kila mfululizo ukiwa na upana wa kazi ya mkono wa mtu mmoja. Unaweza kutia ncha za vidole ndani ya mistari hiyo. Katika hekalu kubwa unamwona farao kila ukuta. Hapa unamwona fundi.

Dahabiya yetu ilijifunga karibu na hapo, ukingo wa magharibi, jua likikaribia kuzama. Nilimwuliza nahodha, mzee ambaye mabaharia wake walimwita rayyis, kwa nini alivuka mto mzima wakati ukingo wa pili nao ulikuwa na mahali pazuri.

“Huko kuna treni, ndugu yangu,” aliniambia kupitia kwa kijana aliyetutafsiria. “Huku kuna punda tu.”

Usiku huo upepo ulitulia, kama ambavyo aghalabu hutulia, na nilisikia hesabu nzima ya sauti za mto: vyura, mbwa wa kijiji, pampu ya kumwagilia shamba iliyodunda kwa mbali kisha ikazimwa, samaki akiruka. Kabla ya kupambazuka adhana ilianza msikiti mmoja, ikajibiwa na wa ng’ambo, kisha wa tatu kutoka nyuma ya mitende, kila mwadhini na sauti yake na kasi yake. Juu ya maji sauti hizo hazigongani. Hufuatana, na mtu hujikuta ameketi kitandani akizisikiliza mpaka ya mwisho. Nikajua kwa hakika kwamba sikulipia kitanda. Nililipia kusikia.

Wamisri wa kale waliujua uzito wa kusikia. Kom Ombo, karibu kilomita 45 kabla ya Aswan, kuna hekalu la miungu miwili: Sobek mwenye kichwa cha mamba na Horus mkubwa mwenye kichwa cha mwewe. Kila mmoja ana njia yake, ukumbi wake na chumba chake kitakatifu, sambamba na mwenzake. Wageni wengi hukimbilia makumbusho ya mamba waliokaushwa, yaliyofunguliwa mwaka 2012. Waende, lakini wazunguke kwanza nyuma ya hekalu, kwenye ukuta wa mwisho. Hapo pamechongwa masikio na macho, miungu hao wawili wakiwa pembeni. Raia wa kawaida hakuruhusiwa kuingia ndani ya hekalu, basi alikuja nyuma na haja yake, akaisema mbele ya masikio ya jiwe. Baada ya usiku kadhaa mtoni, mchoro huo unaeleweka bila kiongozi wa watalii kuueleza.

Aswan ndiyo mwisho wa safari kwa sababu mto wenyewe unazuiwa hapo, kwanza na majabali meusi ya maporomoko ya kwanza, kisha na mabwawa mawili: la zamani la mwaka 1902 na Bwawa Kuu lililokamilika mwaka 1970. Maji ya mabwawa yalilizamisha hekalu la Philae, mpaka likafumuliwa jiwe kwa jiwe katika miaka ya 1970 na kujengwa upya kwenye kisiwa cha jirani, Agilkia. Hapa mto ni mzuri kuliko kote: visiwa, mawe laini yaliyosuguliwa na maji, nyumba za Wanubi zilizopakwa rangi, na mashua nyeupe za matanga zikipishana jioni. Katika kisiwa cha Elephantine kuna ngazi za kale zinazoshuka hadi majini, zenye alama za kupimia kina cha mto. Kwa vipimo vya namna hiyo wakuu walikadiria mavuno ya mwaka na kodi za wakulima.

Hapo ndipo msafiri wa Afrika Mashariki anapokumbuka jambo ambalo mgeni wa Ulaya hana. Maji haya, kwa sehemu, yametoka kwetu. Mafuriko yaliyoijenga Misri yalitoka hasa nyanda za juu za Ethiopia, nayo yalikuwa ya msimu. Nile Nyeupe, inayotoka maziwa yetu makuu, ndiyo inayoleta maji mwaka mzima, masika na kiangazi. Yanapita Jinja yakitoka Ziwa Victoria, na kabla ya ziwa hilo yamo katika Kagera na vijito vya Rwanda na Burundi. Huko Rutovu, Burundi, juu ya chemchemi ya kusini kabisa, pamejengwa piramidi dogo la mawe kuonyesha kwamba mto umeanzia hapo. Mtu wa Bukoba au Kampala anaponawa uso Aswan hanawi maji ya ugenini kabisa.

Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Katika kiangazi joto la Aswan hupita nyuzi 40, na mtu haketi sitahani. Kama fedha ni ya meli ya injini, hilo lisikuvunje moyo, kwani chumba sahihi cha meli ya kawaida hukupa mto mwingi kuliko chumba kibaya cha meli ya kifahari. Kabla hujalipa uliza maswali matano: meli italala gati gani, chumba kiko umbali gani na injini, juu yake kuna nini, dirisha linatazama ukingo upi, na jenereta inazimwa saa ngapi. Mwenye meli mzuri atayajibu yote bila kusita. Asiyeweza kuyajibu, mwache, utafute mwingine. Meli za Nile ni nyingi, nawe huendi kulala tu. Unakwenda kuusikia mto ambao maji yake yalianza safari katika ardhi yako.